Stesheni Masta na Gari la Mzungu wa Mkonge

Kilosa yetu ya miaka ile, hata asiyejua kusoma saa aliweza kumsoma Stesheni Masta. Akitoka nyumbani kwake na kofia mkononi, treni bado iko mbali. Akiivaa, ujue imekaribia. Akisimama ukingoni mwa jukwaa na kunyoosha koti lake kwa viganja viwili, mama huita wanawe watoke kwenye reli haraka.

Jina lake alilopewa na wazazi sikuwahi kulitumia, na sidhani kama kuna aliyelitumia pale mjini. Hata msikitini, alipokaa safu ya mbele, walimwita hivyohivyo. Alikuja kwetu baada ya Uhuru kuchukua nafasi ya Mhindi aliyekuwa anarudi kwao, akaingia katika nyumba ya reli na binti mmoja mdogo, bila mke. Alikotoka hakupasimulia, nasi hatukumdadisi. Mimi nilikuwa fundi wa magari, banda langu la bati lilikuwa nyuma ya soko, na kwa miaka mingi tulijuana kwa salamu tu. "Shikamoo mzee." "Marahaba, Fundi. Kazi?" Basi. Hakuwa mtu wa kusimama njiani.

Watu walimwogopa, na ninaposema watu simaanishi wapagazi peke yao. Siku moja mkubwa mmoja kutoka Morogoro alichelewa kwenye chai, akaja anakimbia na mkoba wakati bendera ya kijani imekwisha kupanda na mabehewa yameanza kusogea. Akapiga kelele, "Simamisha! Hunijui mimi ni nani?"

Stesheni Masta hakuishusha bendera. "Nakujua, ndugu," alisema. "Wewe ni abiria wa kesho."

Maneno hayo yalizunguka mjini mpaka yakawa msemo. Ukichelewa sokoni ukakuta nyama imekwisha, muuzaji anakwambia wewe ni abiria wa kesho. Lakini jioni ya siku ileile, walioishi karibu naye walimwona amembebea bibi mmoja wa Chanzuru gunia la mpunga kichwani, koti la kazi likiwa mwilini, mpaka kwa ndugu wa bibi yule kule ng'ambo ya mto. Ndivyo alivyokuwa. Wafugaji walioleta ng'ombe kupakia, ambao makarani wengine waliwafokea kwa sababu Kiswahili chao kilikuwa kizito, yeye aliwakalisha kwenye benchi na kuwaeleza polepole mpaka waelewe. Ila wakichelewa na ng'ombe wao, behewa liliondoka tupu.

"Anayeomba mara hii tu," alipenda kusema, "kesho ataomba tena."

Kwa hiyo siku aliyokuja bandani kwangu na kuvua kofia, nilijua si salamu.

"Fundi," alisema, "kuna Mzungu wa shamba la mkonge anauza gari. Nataka twende ukalione."

Mashamba ya mkonge yalikuwa yamechukuliwa na serikali, na Mzungu yule, Mgiriki aliyekuwa fundi mkuu wa mitambo, alikuwa anafunga masanduku. Gari lenyewe lilikuwa stesheni wagoni ya Kifaransa, rangi ya maziwa, limeegeshwa kwenye kivuli cha ghala. Nilipovuta kijiti cha oili nikakuta kitu kama chai ya maziwa. Maana yake maji na oili vinakutana ndani ya injini mahali ambapo havitakiwi kukutana. Mgiriki akaliwasha. Likawaka, likatetemeka, likatoa moshi mweupe mwingi.

Nilimvuta mzee pembeni. "Tuondoke. Hili limewaka kama mgonjwa anavyokaa kitandani wageni wakija. Tukitoka tu, linalala."

"Linaweza kutengenezwa?"

"Mzee, vipuri havipo. Hata Dar es Salaam havipo. Subiri upate jingine."

Alilitazama lile gari kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, sikukuita unichagulie gari. Jingine silipati. Nimekuita uniambie kama wewe utaweza."

Nilikasirika kidogo, maana lile lilikuwa neno la kumfunga mtu. Nikasema nitajaribu. Akalinunua palepale, na trekta la shamba likatuvutia mpaka mjini, yeye ameshika usukani wa gari lisilo na uhai, ameketi wima kama yuko ofisini. Watu walicheka. Stesheni Masta amenunua stesheni wagoni! Wengine hawakucheka. Hiyo ilikuwa miaka ambayo mtu mwenye gari lake binafsi alitazamwa mara mbili.

Sababu ya gari niliielewa polepole. Binti yake alikuwa amekua, akawa mwalimu, akaolewa na mwalimu mwenzake, na wote wawili walipangiwa shule ya Vidunda, juu milimani. Mimba zake za awali ziliharibika zote kabla ya wakati. Sasa alikuwa mjamzito tena. Reli ya tawi inayopita Mikumi kwenda Kidatu ilipita chini ya milima ile, lakini treni yake ilikuwa na siku zake.

"Wewe ndiye mwenye treni," nilimwambia siku moja kwa utani, kichwa changu kikiwa ndani ya boneti. "Unashindwaje kumfuata mwanao?"

Hakucheka. "Mtoto hasubiri ratiba, Fundi," alisema, akaondoka.

Nilipofungua injini nikakuta gasketi, ile karatasi ngumu inayokaa kati ya injini na kichwa chake, imeungua na kukatika. Hedi, yaani hicho kichwa chenyewe, ilikuwa imepinda kwa joto. Hedi tuliinyoosha kwa kuisugua juu ya kioo kinene cha dirisha, siku baada ya siku, yeye akija baada ya kazi, anakunja mikono ya shati na kusugua. Alikuwa na subira ambayo mimi sikuwa nayo. Nikisema imetosha, analaza rula juu yake, anachungulia mwanga, anatikisa kichwa, tunaendelea.

Gasketi ndiyo ilitushinda. Nilituma watu Morogoro na Dar es Salaam, wakarudi mikono mitupu. Mvua za masika zilikuwa zinakaribia na tumbo la binti lilikuwa linakua. Hapo fundi mmoja wa reli, rafiki yangu, akaja na bati la shaba chini ya koti. Ukiichoma shaba nyekundu motoni ikalainika, unaweza kuichonga gasketi. Nilifurahi nusura nimkumbatie. Stesheni Masta alikuwa amesimama mlangoni.

"Rudisha ulikolitoa," alimwambia yule fundi, "kabla sijajua umelitoa wapi."

"Mzee, ni kipande tu, hakuna atakayekiuliza..."

"Rudisha."

Nilimgombeza. Nilimwambia anamweka mwanawe hatarini kwa ajili ya bati. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akaenda zake. Siku tatu hakuonekana bandani. Aliporudi alikuwa na kitu kipana kimefungwa kwa kanga kuukuu. Akakifungua juu ya meza yangu. Lilikuwa sinia la shaba nyekundu, la kale, limechongwa maua pembeni.

"La marehemu mke wangu," alisema. "Litafaa?"

Nilisita. Nikamwambia nikikosea tundu moja hakuna sinia la pili.

"Basi usikosee."

Alilishika kwa mikono yote miwili wakati ninalikata. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni, asiinue mkono kujifuta. Nilipotoboa tundu la mwisho nikaona vidole vyake vimekuwa vyeupe.

Gari liliwaka. Halikuwa zima, nisidanganye. Lilipenda kuchemka kwenye milima na ilibidi lipumzishwe kama punda. Lakini lilikwenda. Yeye aliliendesha kama treni: katikati ya barabara, mwendo mmoja, honi kabla ya kuondoka hata kama yuko peke yake uani. Kurudi nyuma hakukupenda kabisa. Akipitiliza mahali, huzunguka mji mzima.

Kwenye mkutano wa tawi, kijana mmoja wa chama, msemaji hodari, akasimama. "Ndugu mwenyekiti, sisi tunalima shamba la ujamaa kwa jembe la mkono, na mwenzetu mmoja anapita na gari la kabaila. Napendekeza gari hilo liwe la umma."

Palikuwa na waliokubali. Stesheni Masta alikwenda shamba la ujamaa kila Jumamosi, na mstari wake ulinyooka kuliko wa wote, lakini hilo hakulisema. Alisimama na kusema, "Ndugu zangu, gari hilo nimelinunua kwa ajili ya mwanangu. Akishajifungua salama, njooni tuzungumze." Akaketi. Mwenyekiti akaahirisha jambo lile. Kuanzia siku hiyo kila gari lile lilipopita sokoni niliona vichwa vikigeuka.

Sasa niseme habari ya Jumapili ile.

Mafuta yalikuwa adimu nchini, na amri ilikuwa kwamba magari ya watu binafsi yasionekane barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Polisi walikuwa wakali juu ya hilo. Mimi nilikuwa nyumbani nakula, jua la adhuhuri limesimama utosini, nikamwona Stesheni Masta anakuja. Anakimbia. Sikuwahi kumwona anakimbia.

"Wamenipigia simu kutoka stesheni ya Kidodi," alisema, pumzi zikimkata. "Wamemteremsha kwa machela tangu alfajiri. Yuko zahanati. Mtoto amekaa vibaya, lazima apasuliwe, na daktari wa Mikumi yuko safarini. Aletwe hapa Kilosa. Gari litafika na kurudi?"

"Likiendeshwa polepole, litafika."

"Polepole, saa nane itatukuta njiani."

Tulitazamana. Nilijua ninamtazama mtu ambaye hajawahi kuruhusu hata behewa la makopo kuondoka kabla ya wakati wake. Treni ijayo ya tawi ilikuwa kesho kutwa.

"Nimemkabidhi msaidizi stesheni," alisema. "Twende."

Nilitaka kuendesha mimi. Akakataa. "Kosa likiwa langu, usukani uwe wangu."

Barabara ya Mikumi ilikuwa ya vumbi, ina vilima vinavyofuatana. Tulipita kijiji cha Ulaya salama, madumu ya maji yakigongana nyuma. Baada ya hapo mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikasema tupumzike. Akasimama mara moja, akazima, akakaa na mikono juu ya usukani akitazama mbele, midomo inatikisika kwa dua. Sikujua lipi ni gumu zaidi kwake, kwenda au kusubiri. Tukaongeza maji, tukaenda, tukasimama tena.

Karibu na Mikumi mshale uligota kwenye wekundu na rejeta ikaanza kufoka. Tulikuwa tumesimama kwenye bonde dogo lenye majani marefu. Nikawa nimekwisha kufungua mlango nitoke na dumu, yeye akanishika mkono. Akaonyesha kwa kidevu.

Tembo jike alikuwa ametoka majanini na mtoto wake, akasimama barabarani, karibu kiasi kwamba niliona udongo umekauka kwenye mikunjo ya miguu yake. Nyuma yake wengine walikuwa wanakuja. Rejeta ilikuwa inapiga mluzi. Kila ilipopiga, yule jike alitandaza masikio. Gari haliwezi kuwashwa, honi haiwezi kupigwa, na kule mbele mwanamke anasubiri. Nilimsikia mzee akipumua kupitia puani. Hakuuachia mkono wangu. Walivuka mmoja baada ya mwingine, bila haraka yoyote ya dunia hii, na yule jike akaondoka mwisho kabisa.

Tulipofika kizuizi cha Mikumi, saa nane ilikuwa imepita zamani. Askari alikuja dirishani.

"Shikamoo mzee. Unajua ni saa ngapi?"

"Marahaba. Najua."

"Na unajua amri?"

"Naijua. Nimeivunja." Akatoa leseni yake na kumkabidhi. "Niandikie kosa, mwanangu. Lakini naomba unipe ruhusa niivunje mpaka mwisho. Binti yangu yuko Kidodi, anakufa na uzazi. Nikimfikisha Kilosa, nitarudi hapa mwenyewe."

Askari alimtazama, akanitazama mimi, akatazama injini inayofuka moshi. Nadhani alikuwa amezoea watu wanaodai kwamba saa zao zimesimama.

"Leseni inabaki kwangu," alisema, akainua mti wa kizuizi.

Kidodi tulimkuta binti amelazwa kwenye mkeka, mumewe anampepea, mkunga amemshika mkono. Alikuwa na rangi ya majivu. Baba yake alipiga magoti kando yake.

"Baba, umekuja na treni gani?" aliuliza, macho nusu yamefumba.

"Nimekuja na gari, mama. Nyamaza sasa."

Tulilaza viti vya nyuma, tukatandika godoro. Mume na mkunga wakapanda naye. Kwenye kizuizi cha Mikumi mti ulikuwa umekwisha kuinuliwa, na yule askari alikuwa amesimama na ndoo. Alitujazia maji kwenye rejeta yeye mwenyewe.

Shaba ikatusaliti kwenye vilima vya kabla ya Ulaya. Nilisikia injini inakohoa, nguvu zikapungua, gari likasimama katikati ya mpando. Maji yalikuwa yameingia kwenye silinda ya nyuma. Nyuma yangu binti alilia mlio ambao sitaki kuusikia tena. Mkunga akasema, "Fanyeni haraka, jamani. Fanyeni haraka."

Nilitoa plagi ya silinda ile ili maji yatokee nje, nikaikata moto, gari liende kwa silinda zilizobaki. Vidole viliungua mpaka nikanusa ngozi yangu. Lilipowaka lilipiga kelele kama mashine ya kusaga, linatema maji ubavuni. Mimi na mkwewe tulisukuma kila mpando, vumbi na mvuke usoni, na Stesheni Masta akaliendesha kwa mwendo wake uleule mmoja, hakulilazimisha, hakuliachia. Tuliingia Kilosa jua linazama. Manesi walikuwa wanangoja na kitanda cha magurudumu, maana msaidizi wake alikuwa amewapa habari.

Walimpasua. Mama alipona. Mtoto, wa kike, alitoka kimya, wakamhangaikia, kisha akalia. Sisi tuliokuwa nje tuliusikia mlio ule dirishani. Mkwe alikaa chini kwenye udongo akalia na yeye. Stesheni Masta alisimama akitazama ukuta.

Kesho yake alipanda basi kwenda Mikumi, kama alivyoahidi. Mbele ya hakimu aliulizwa kama ana udhuru. Waliokuwapo wanasema alijibu, "Sababu ninayo, mheshimiwa. Udhuru sina." Akatozwa faini, akalipa, akarudi kazini na kofia yake.

Habari ya gari kuwa la umma haikuzungumzwa tena kwa namna ile. Gasketi ya kweli nilikuja kuipata baadaye, na gari lile likabeba wajawazito wengi kutoka Chanzuru na kwingineko, mmoja wao mke wa yule kijana wa chama. Alikuja mwenyewe kugonga mlango, akashindwa aanzeje. Stesheni Masta alimwambia, "Kaa mbele, unionyeshe njia."

Alipostaafu alihamia Tindiga kulima mpunga. Tukapoteana kwa miaka. Mara ya mwisho kumwona nilikuwa nimeitwa kule kutengeneza trekta. Nilipomaliza niliuliza anakokaa, wakanionyesha shambani. Nilimkuta juu ya dungu, amevaa msuli, anafukuza kwelea kwa kutikisa kamba yenye makopo. Alikuwa amekonda. Nilipanda nikakaa naye, tukala muwa, tukacheka habari za yule mkubwa wa Morogoro.

Nikamwambia, "Mzee, watu bado wanakusifu. Wanasema miaka yote ile hukuvunja kanuni ila siku moja tu, tena kwa ajili ya mtoto."

Aliacha kutikisa kamba. Ndege wakateremka kwenye mpunga mbele yetu, naye akawatazama tu.

"Kabla sijaja Kilosa," alisema, "nilikuwa stesheni ndogo huko juu, porini. Mama wa binti yangu alishikwa na uchungu wa mtoto wa pili. Palikuwa na injini ya mizigo imesimama stesheni, moto unawaka, dereva yupo, njia mbele ni nyeupe. Dereva alinifuata akaniambia, bwana mkubwa, sema neno tu nimpeleke. Kanuni ilikataa kuitoa injini bila amri kutoka juu. Nikapiga simu kuomba amri. Nikasubiri. Amri ilikuja. Ilikuja asubuhi."

Niliiangalia mikono yake, imelegea magotini.

"Na kila waliponisifu, Fundi, yule dereva nilimwona."

Tulikaa hivyo mpaka kundi zima la ndege likajaa shambani. Kisha kule upande wa nyumba sauti ya msichana ikaita, "Babu! Ndege hao! Umelala?"

"Sijalala," alijibu kwa nguvu, akaikamata kamba, akaanza kuitikisa.